Kiti chenye Mkanda Uliokatwa

Haya, nikutegee: naenda kazini nimelala chali, wala sijafa. Mimi nani? Umeshindwa? Nipe mji, hata usio na jina. Basi ni Mwajabu, ambaye mgongo wake haukubali tena kukaa wima, na mumewe kamchomelea baiskeli ya kulalia. Kilibaki kiti tu. Bila kiti, hafiki kazini.

Kwenye uwanja wa vyuma chakavu, Chande muuzaji alimwonyesha kiti cha gari, chepesi, tena rahisi kuliko vyote. Mwajabu akakilalia palepale chini, miguu juu kama anakanyaga pedeli. Mgongo ukatulia. Raha iliyoje! Kisha mkono wake ukagusa mkanda. Ulikuwa umekatwa kwa kisu.

"Kaka Chande, aliyefungwa hapa alitoka?"

Chande akainama, akajifanya anatafuta spana.

Mwajabu akaruka, mwili wote ukimsisimka. Alihisi kama amelalia kitanda cha marehemu.

"Ndiyo maana unakitoa bei ya kutupa! Unaniuzia maiti, wewe?"

"Nakupunguzia tena, dada."

"Baki nacho!"

Akafika getini, akageuka. Chande alikuwa anakirushia kiti gunia kwa mbali, kama mtu anayemfunika nyoka.

"Nimekuuliza, alitoka?"

Chande alitazama pembeni. Mkono wake ukashuka polepole kutoka begani hadi kiunoni, pale mkanda unapopita.

"Nilitoka, dada," akasema. "Ila sijathubutu kukikalia tena."