Elektroni Ziende Uwanjani

Mwalimu Mwanahawa alichora duara la chaki sakafuni, akarundika kokoto katikati. "Hiki ndicho kiini cha atomu, protoni na nyutroni," aliwaambia wanafunzi wa darasa la saba. "Na hizi ni elektroni." Akapanga gololi juu ya mstari.

Gololi moja ikabingirika. Aliirudisha. Ikaondoka tena, na nyingine zikaifuata, zote zikielekea kwenye ukuta wenye ufa. Jana, mahali hapohapo, zilikuwa zimetulia tuli.

Watoto walicheka. Mwanahawa aliutazama ufa; sakafu ilikuwa imeanza kuinamia upande ule. Akipiga kelele, wote watagombania mlango mmoja.

"Duara langu ni dogo mno," alisema. "Elektroni hukaa mbali sana na kiini. Leo elektroni ni nyinyi. Tokeni mmoja mmoja mpaka kule uwanjani, golini. Asikimbie mtu."

"Na kiini ni nani?" aliuliza Shangwe.

"Mimi."

Walitoka wakisukumana kwa mzaha. Shangwe, wa mwisho, aligeuka mlangoni.

"Mwalimu, kiini hakitoki?"

"Tangulia, mwanangu."

Vumbi jeupe lilikuwa likidondoka juu ya kokoto, na hakuna aliyekuwa akifuta ubao.