Fundi Bomba Likizoni

Askari wa mpakani alipekua begi lote asione kitu. Mke wa fundi bomba ndiye aliyeingiza mkono kwenye soksi ya mumewe, soksi yenyewe ikiwa mguuni, akatoka na spana.

"Hii nini, Baba Watoto?"

"Ya dharura tu, mama."

"Dharura ya nani? Tunakwenda kuangalia maporomoko ya maji, hatuendi kuyatengeneza." Akamkabidhi askari ile spana kwa mikono miwili. "Afande, tutunzie hii mpaka turudi. Huyu akija kuiomba peke yake, usimpe."

Askari akaipokea kwa heshima. Naye alikuwa na mke.

Ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza tangu waoane, na watoto wao walishaoa. Matembezi mengine yote yaliishia kwenye mabomba. Siku ya harusi ya shemeji yake, fundi aliingia msalani kunawa mikono, akatoka keki imeshaliwa na suti imelowa mpaka magotini. Walipokwenda kumwona mgonjwa hospitali, mgonjwa aliruhusiwa kurudi nyumbani fundi akiwa bado chini ya sinki.

Kwa hiyo safari hii mkewe alimwapisha. Akigusa koki moja tu, safari zote zitakazofuata mama anakwenda na dada yake, na fundi atabaki nyumbani na mabomba yake, wapikiane.

Fundi aliapa, na alimaanisha. Alikuwa akimpenda mkewe, na chai ya kujipikia mwenyewe ilikuwa hainyweki.

Basi liliwapitisha juu ya mito iliyokauka kwa kiangazi, mbuzi wamelala katikati ya mto kama wako sebuleni. Jioni wakafika hotelini. Maporomoko yalikuwa nyuma tu ya ukuta, lakini usiku mkewe alisimama dirishani akatega sikio.

"Mbona kimya? Si walisema tutalala tukiyasikia maji?"

"Mimi nayasikia," alisema fundi kwa uchungu.

Koki ya bafuni ilikuwa inadondosha. Tik. Tik. Fundi akajifunika mto kichwani. Mkewe akaushika mkono wake, akaukumbatia mpaka kukapambazuka, na fundi hakujua kama yale ni mapenzi au ni pingu.

Asubuhi ngurumo ilianza ghafla, vikombe vikacheza mezani. Mkewe akapiga makofi. "Hayo sasa! Upepo umegeuka."

Mwongoza wageni alikuwa bwana mwenye kifua kipana na sauti ya kunadi samaki. Aliwavalisha wageni makoti ya mvua ya njano, akawapandisha ngazi za mawe zinazoteleza, wakishikilia mnyororo. Wakavuka daraja la kamba lililokuwa likicheza ngoma yake lenyewe. Kisha wakapita nyuma ya maji, kwenye ujia mwembamba, pazia zito la maji likishuka mbele ya pua zao. Mama Watoto alicheka kama msichana, kilemba kimemshuka mpaka shingoni.

Fundi aliinua macho akayatazama yale maji yote yakimwagika bure, na hakuna hata mtu mmoja anayeshughulika. Roho ilimuuma.

"Unawaza nini?" mkewe akampigia kelele sikioni.

"Uzuri wake."

"Muongo. Unawaza spana."

Fundi akamsogelea mwongoza wageni. "Bwana, mito yote huko njiani imekauka. Haya maji yanatoka wapi?"

"Mbinguni, mzee wangu. Haya, tusonge, tusonge."

Walipofika juu kabisa, yule bwana aliwapanga wageni kwenye uzio, akayapa maji mgongo, akafumba macho na kuanza hotuba yake kwa kelele ili ngurumo isimmeze. Mama Watoto alijipenyeza mpaka mbele na simu yake. Fundi alibaki nyuma, karibu na kichaka, mikono mfukoni, akijisifu moyoni kwa jinsi alivyotulia.

Tone likamrukia kiatuni.

Akasogeza mguu. Tone jingine.

Nyuma ya kichaka kulikuwa na kabati la chuma lenye kutu, mlango wake umebaki kwenye bawaba moja. Ndani yake kulikuwa na gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mikono, na shingoni mwake maji yanavuja. Tik.

Fundi akatazama mawingu. Akahesabu ndege. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amempa mgongo. Halafu akakumbuka kwamba yeye aliapa kutogusa koki, na hili, kwa haki kabisa, ni gurudumu.

Akalikaza kidogo tu. Matone yakapungua. Lakini fundi gani anayeheshimu kazi yake anaiacha nusu? Akatemea mate viganjani, akazungusha mpaka likagoma.

Matone yakakoma. Fundi akajifuta mikono kwenye koti, akaurudisha mlango, akasimama ametazama mbele kama mwanakwaya. Tangu avuke mpaka hakuwa amejisikia mzima kiasi hicho.

Wa kwanza kumsikia ndege akilia alikuwa yeye. Kisha akasikia mtu akikohoa upande wa pili wa bonde. Mwongoza wageni peke yake, macho bado amefumba, aliendelea kupaza sauti:

"...HAYAJAWAHI KUSIMAMA HATA DAKIKA MOJA TANGU DUNIA IUMBWE!"

Sauti yake ikazunguka bonde zima, ikarudi. Nyuma yake jabali lilikuwa tupu, linaanza kukauka kwa jua.

Mama Watoto hakugeuka. Alishusha simu polepole.

"Baba Watoto," alisema, "umegusa nini?"