Kikombe cha Dirishani

Assumpta alilizunguka kanisa mara mbili kwenye mvua kabla hajauona mlango wenyewe. Ulikuwa nyuma, karibu na mapipa ya taka, kama kilivyosema kikaratasi alichokikuta katika koti la marehemu mumewe: Alhamisi saa saba. Mlango wa nyuma, usukume kwa bega. Nuala.

Hilo jina la mwisho ndilo lililompandisha basi mpaka mji wa pili.

Kwa miaka tisa Fergal alikuwa akitoweka kila Alhamisi mchana, na akiulizwa hujibu kwamba alikwenda mnadani kuangalia kondoo. Mnada wenyewe ulikuwa Jumatatu. Assumpta hakuwa mjinga. Alijua kuna mwanamke. Sasa Fergal ana wiki sita kaburini, na bado kila Alhamisi saa sita na nusu mkewe aliusikia mlango wa mbele ukifungwa taratibu, vilevile alivyokuwa akiufunga marehemu. Alitaka kumtazama huyo Nuala usoni, amuulize alimpa Fergal kitu gani ambacho nyumbani hakukipata. Labda baada ya hapo mlango ungenyamaza.

Alisimama chini ya ukingo wa paa, akafungua chupa ya chai, akapiga mafunda mawili ya kupasha mwili moto. Akatia peremende mdomoni. Kisha akausukuma mlango kwa bega.

Badala ya kitanda alichokuwa akikiona kichwani miaka yote hiyo, alikuta viti vya plastiki vimepangwa duara, watu kumi hivi, na birika kubwa likichemka pembeni. Hakuna aliyemuuliza jina. Walimwonyesha kiti kimoja kilichobaki, cha dirishani, chenye mto mdogo wa kuegemea. Mto ulimfaa sana. Mgongo wake ulikuwa haujapona tangu alipoanguka kwenye ngazi miaka mitatu iliyopita.

Mzee mmoja akasimama, akasema kwamba, kama ilivyo kila Alhamisi, mlango uko wazi kwa wote, anayekunywa na asiyekunywa. "Naitwa Malachy," akaendelea, "na mimi ni mlevi."

Damu ikamwenda mbio Assumpta. Walevi! Na Fergal je, aliyevaa kifuani beji ya watu walioapa kutogusa pombe, akazikwa nayo? Fergal aliyekuwa akimtazama tu kila jioni akijimiminia tone lake la kuletea usingizi, asiseme neno? Kumbe mnafiki. Akazikumbuka chupa tupu alizozikuta nyuma ya sanduku la kuni, nyingi kuliko zile alizoziweka yeye mwenyewe, na sasa akajua ni za nani. Alimwonea aibu marehemu. Chini ya aibu hiyo, Mungu amsamehe, alijisikia nafuu. Hakukuwa na mwanamke.

Wakazungumza kwa zamu. Mama mmoja alisimulia jinsi alivyokuwa akificha pombe ndani ya mfuko wa mpira wa maji moto, akilala nao kitandani, mume asijue. Watu wakacheka kwa upole, naye pia akacheka. Assumpta aliusogeza mkoba wake kwa mguu, akausukuma chini ya kiti.

Wakati wa chai ndipo alipomtambua Nuala, maana mtu alimwita. Alikuwa kikongwe wa miaka themanini, anatembelea mkongojo, mikono inatetemeka kiasi kwamba sukari ilimwagika njiani. Huyu ndiye mwizi wa waume aliyemkosesha usingizi miaka tisa. Assumpta alimfuata hadi kabatini.

"Mimi ni mke wa Fergal," alisema kwa sauti ya chini. "Amefariki."

Nuala aliweka birika chini. Macho yakamjaa machozi. Akaeleza kwamba Alhamisi sita wamemngoja, ila hapa hakuna anayejua jina la ukoo la mwenziwe wala anakotoka, kwa hiyo hawakuwa na pa kuulizia.

"Alikuwa akinywa kiasi gani?" Assumpta aliuliza. "Niambie tu, mama. Nimeshajikaza."

Bibi yule alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Nyuma yake vikombe vilining'inia kwenye ndoano, kila kimoja kimebandikwa kipande cha plasta chenye jina. Malachy. Ita. Nuala. Declan. Assumpta alivipitia kimoja kimoja, akarudia tena kutoka mwanzo.

"Chake kiko wapi?"

"Fergal hakuwa na kikombe, mwanangu. Yeye alikuwa akifika mapema, anakiweka kile kiti cha dirishani, anapachika ule mto, kisha anakwenda kukaa kule nyuma."

Akanyoosha mkono hadi ndoano ya mwisho, akashusha kikombe cha buluu ambacho hakijawahi kutiwa chai, kisafi kama kilivyotoka dukani. Akakigeuza upande wa plasta. Kwa mwandiko wa Fergal, wino umefifia kwa kuoshwa kila wiki pamoja na vingine, palikuwa pameandikwa: Assumpta.