Tumbo la Kunguru

Kila alfajiri Korongo aliruka mpaka mtoni, akarudi kuwaambia wanyama Chui amejificha wapi. Kwa kuwa hakuwa na muda wa kujitafutia chakula, kila mmoja alimpa konzi ya mbegu.

Siku moja Kunguru akatua kichuguuni. "Njooni kwangu! Habari zile zile, bure kabisa!"

Wote wakahamia kwake, isipokuwa Ngiri mbishi.

"Unalipia kitu cha bure?" Swala alimcheka asubuhi moja, siku nyingi baadaye.

"Nalipa, na nitaendelea kulipa. Kunguru hamumpi kitu, wala hatumwoni akitafuta chakula. Mbona ananenepa?"

"Wivu tu huo!"

Asubuhi hiyo Kunguru alitangaza kuwa njia ya matetini ni shwari, na Swala akatangulia mbio. Ngiri alipoambiwa na Korongo kwamba Chui yuko matetini, alikimbia akipiga kelele. Wengine wakageuka. Swala hakuwahi. Chui alimla, akamwachia Kunguru utumbo, kama walivyopatana.

Kesho yake Kunguru alirudi kichuguuni, mdomo una damu. "Habari bure!"

"Si bure," alisema Ngiri, akipita na mbegu zake. "Jana Swala alikulipa."