Ekseli ya Bwana Shekuwe

Baiskeli ya mbio ya Bwana Shekuwe ililala miguu juu, pedeli zimeng'olewa, na mashindano yalikuwa karibu kuanza. Fundi Sikudhani alipanga gololi mpya ndani ya kikombe cha ekseli ya pedeli, akapaka grisi, akaanza kukikaza kwa spana. Mgongo ulimwaka kwa kuinama tangu asubuhi.

"Mbona unazungusha kushoto, mama? Unafungua!"

"Upande huu hukazwa kinyume, bosi. Ndivyo ulivyouharibu mwenyewe nyumbani."

Bwana Shekuwe akacheka. "Fundi mwanamke! Ulijifunzia wapi?"

"Nje ya geti la kiwanda chako, ulipotufukuza sote tuliogoma. Nilianza kwa kuwajazia watu matairi upepo."

Kicheko kikakatika. "Aa, mambo ya zamani hayo."

Zamani Sikudhani angepiga kelele. Leo hakuwa na nguvu hizo. Aliweka spana chini, akajifuta mikono.

"Imebaki kukaza kidogo tu. Nitajie jina langu, nikukazie. Mashine yangu ilitazamana na mlango wa ofisi yako."

Barabarani waendeshaji walikuwa wakiitwa mstarini. Bwana Shekuwe alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu afike, midomo ikimcheza bila sauti.