Paja la Pili

Akullo alichomoa paja moja la kuku kutoka sufuriani, akalifungia ndani ya bakuli la plastiki na kulisukuma nyuma ya gunia la mkaa. Aciro, mchumba wa mwanawe Ojera na mpishi wa siku hiyo, alikuwa bado bombani, chini karibu na reli ya Port Bell.

Kazi imekwisha. Kuku wa wakwe huletwa mezani na vipande vyake vyote, na Sajini Okeny, mume wake, hukagua sahani kama anavyokagua gwaride. Paja likikosekana, mpishi ni mwizi, na mwizi haolewi katika nyumba hii. Ojera atatafutiwa msichana wa maana, siyo huyu mwalimu wa sayansi mwenye maneno mengi.

Aciro akarudi, akafunua sufuria, akakoroga, akigeuza kipande kimoja kimoja.

“Mama, chumvi haitoshi. Naenda mara moja kwa jirani, Saverio.”

“Nenda, ila usikae. Kunanuka wale paka wake wenye masikio marefu.”

Saverio alifuga sungura, na Akullo aliapa zamani kwamba nyama hiyo haitapita kooni mwake.

Mezani, Sajini alikagua kwa uma. Mabawa. Kidari. Shingo. Firigisi. Paja. Na paja.

Akullo akakodoa macho. Msichana amelifukua!

“Hili lako, Mama,” Aciro akasema, akimpakulia mwenyewe.

Angekataaje? Akala, na hasira ikamwongezea hamu, akanyonya mpaka mfupa ukang'aa.

“Huyu ndiye kuku,” akakiri shingo upande. “Laini. Siyo takataka za jirani.”

Sajini akacheka. “Mwalimu, mifupa hii unawafundishaje watoto?”

“Nawafundisha mwendo, Baba. Samaki hana shingo, uti wake unapinda kushoto na kulia, ndivyo anavyoteleza majini. Kuku kidari chake kimechongoka, hapo ndipo inaposhika misuli ya mabawa. Mnyama wa kurukaruka, miguu ya nyuma ni mirefu kushinda ya mbele, ipate kumsukuma.” Akautazama mfupa wa Akullo, akatabasamu.

“Banange, mwalimu!” Sajini akapiga meza. “Ojera, panga siku ya harusi.”

Akullo akakimbilia jikoni, akavuta gunia la mkaa, akafungua bakuli.

Paja lilikuwemo, mafuta yameganda.

Saverio akachungulia dirishani. “Mama Ojera, mwambie Aciro ule mguu mwingine bado upo, kama mmeupenda.”