Masolwa Amesema

"Tobias! Mwanangu!"

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume aliyechoka, nayo ilimtoka Eustadia, msichana wa darasa la tano. Alikuwa amelala chali uani, macho yamegeuka, vidole vinakwaruza udongo. Baba yake, Tobias, akaangusha jembe.

"Wewe ni nani?"

"Masolwa. Mzigo wa pembe za ndovu ulinilemea, nikaachwa njiani, Ugogo." Kikafuata kikohozi kirefu, kikavu.

Jamani! Tobias alilijua jina hilo. Masolwa alikuwa baba yake, mpagazi, aliyeondoka na msafara wa pwani yeye akiwa bado tumboni, asirudi tena. Maisha yake yote Tobias alimngoja mtu huyo. Majirani wa hapo kijijini Kwihara walihamia mjini, yeye akakataa katakata kuiacha nyumba ya kando ya njia ya misafara, maana baba akirudi atamkuta nani? Na Tobias huyo ni katekista, anayefundisha watoto wa watu kwamba mizimu ni upuuzi.

Aliyemjua Masolwa alikuwa amebaki mmoja tu, Bibi Ngollo, mama yake Tobias. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua mlenda. Alimtazama mjukuu wake.

"Ni yeye," akasema. "Hata kikohozi ni chake."

Tobias akapiga magoti. "Baba, unataka nini?"

"Mtoto aende shule ya serikali, mwaka huu huu. Akafundishwe zile hesabu za herufi. Asicheleweshwe."

Hesabu za herufi ndiyo aljebra, na aljebra ilikuwa ugomvi wa nyumba ile tangu mavuno. Shule ya serikali, kule Tabora mjini, waliianza darasa la sita. Shule ya misheni waliianza darasa la nane, na kwa wasichana darasa la nane lenyewe halikuwako. Eustadia akibaki misheni angemaliza la sita, kisha akaolewe Bukene na mtu aliyekwisha kutafutiwa. Alilia, akaomba, akasusa chakula. Baba yake akasema la Padri ndilo la mwisho.

Sasa Tobias hakujiuliza hata kidogo marehemu mpagazi aliijuaje ratiba ya shule. Mtu aliyemngoja baba yake tangu kuzaliwa atayawezea wapi maswali ya namna hiyo?

Kesho yake akaenda misheni.

"Akili ya msichana haijakomaa kwa aljebra," Padri akamwambia. "Hata wavulana tunawangoja. Hao wa serikali wana haraka zao."

"Nimekwisha kuamriwa, Padri."

"Na nani?"

Tobias hakuzoea kusema uongo. "Na marehemu baba yangu."

Akavuliwa ukatekista pale pale. Cha ajabu, alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Eustadia alipata nafasi, ila furaha yake ilitumbukia nyongo mapema. Baba yake alibadilika. Wakati wa kula aliweka kigoda cha pili ubavuni mwake, akakimegea ugali, akazungumza nacho polepole habari za mvua na za ng'ombe, kwa sauti ya mtoto mdogo. Na kila asubuhi binti alipomwamkia, alisahau hata kuitikia marahaba.

"Babu hajasema tena?" alimuuliza binti yake kwa haya. "Hajaniulizia?"

"Hajasema, baba."

"Labda nimemuudhi." Na machozi yakamlenga, mwanamume mzima.

Siku moja Eustadia alikisikia ndani ya nyumba kile kikohozi kirefu, kikavu. Alichungulia, akamwona baba yake amekaa peke yake akikohoa, ananyamaza, anasikiliza, anakohoa tena. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajifunza kukohoa kama baba yake.

Hapo Eustadia akashindwa kuvumilia. Alimfuata bibi yake uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umevimba uso?"

"Bibi, ile sauti ilikuwa yangu. Nilijifanya tu, ili nipelekwe shule. Hata kikohozi kilinijia hivi hivi, vumbi liliniingia kooni. Baba anaumia, bibi, atarukwa na akili. Naenda kumwambia sasa hivi, hata kama nitaolewa huko Bukene!"

Alidhani kikongwe atapiga yowe. Bibi Ngollo aliendelea na mlenda wake.

"Nilijua tangu ulipofungua mdomo," akasema.

"Ulijua? Mbona ukasema ni yeye?"

"Ili uende shule. Hebu niambie, hiyo aljebra yenyewe ndiyo nini hasa?"

Eustadia alijifuta kamasi. "Kuna kitu hukijui, bibi. Basi mahali pake unaweka herufi, unaendelea na hesabu kama vile unakijua. Mwishoni unakipata."

"Na kisipopatikana?"

"Lazima kipatikane, bibi."

Mikono ya kikongwe ilikuwa imeacha kuchambua.

"Usimwambie baba yako," akasema. "Ukimwambia sauti ile haikuwa ya Masolwa, atakuja kwangu aniulize sauti ya baba yake ilikuwaje. Nami nitamjibu nini?"

"Si utamwambia ilivyokuwa? Wewe ndiye mkewe!"

"Msafara ulipiga kambi hapa, mjukuu wangu. Nilikuwa msichana kama wewe, nikaenda kuwauzia unga, wakanikamata kwa nguvu. Walikuwa wengi, na hakuna aliyenitajia jina lake. Masolwa nilimtunga mimi."